Rangi ya Waridi la Jangwani Haitoki Kwenye Mbolea

Kwenye vitalu vya maua vya kando ya barabara, iwe Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, wanunuzi wa waridi la jangwani huuliza maswali yanayofanana. Wa kwanza anataka kujua ua lake ni la rangi gani, wa pili kama lipo jeusi, wa tatu kama kuna dawa ya kuligeuza la pinki liwe jekundu. Swali la maji huja mwisho, likija, wakati mche umeshapakiwa kwenye bodaboda. Kwa maoni yangu maswali haya yamepangwa miguu juu, kichwa chini. Rangi ya ua la mmea huu huamuliwa na wazazi wake kabla mbegu haijaota, na hakuna mbolea, majivu, misumari yenye kutu wala maji ya bitiruti yatakayoibadilisha. Kilicho mikononi mwa mwenye mmea ni kingine kabisa: kama utachanua, utachanua kwa wingi gani, na kama utakuwa hai msimu ujao. Wengi hugharamia lile wasiloweza kulibadilisha, kisha wanaupoteza mmea kwa kupuuza lile wanaloliweza.

Ushahidi wa kwanza uko porini. Waridi la jangwani, ambalo wataalamu huliita Adenium obesum, halina undugu na waridi la bustanini; ukoo wake ni ule wa oleanda na franjipani. Makazi yake ya asili yanaanzia Senegali, yanafuata ukanda mkavu wa Saheli hadi Sudani, Ethiopia na Somalia, yanashuka Kenya na Tanzania, kisha yanavuka bahari hadi Yemen na Oman. Peter Forsskål, mtaalamu wa mimea aliyekuwa katika msafara uliotumwa Uarabuni na mfalme wa Denmaki, aliukuta mmea huu Yemen na kuuandika. Mwenyewe alifariki huko huko kwa malaria mwaka 1763, na maandishi yake yakachapishwa mwaka 1775 na Carsten Niebuhr, aliyerudi peke yake kati ya wenzake wote. Jina Adenium lililokuja baadaye limetokana na bandari ya Aden. Sisi wa Afrika Mashariki hatuna haja ya kwenda mbali kiasi hicho: Tsavo na Mkomazi, wakati wa kiangazi, unaonekana katikati ya mawe ukiwa na shina nene la kijivu, matawi mafupi yasiyo na jani hata moja, na maua ya pinki kwenye ncha. Mmea huo hakuna anayeutilia mbolea, na bado ua lake halibahatishi. Ni tarumbeta yenye petali tano, pinki iliyokolea ukingoni, inayofifia kadiri inavyoelekea kooni mpaka ikawa karibu nyeupe, na humo kooni kuna michirizi myekundu inayomwelekeza mdudu kwenye asali.

Basi hizi rangi nyingine zote zimetoka wapi? Zimetoka kwa wakulima wa maua, hasa wa Thailand na Taiwan, ambao kwa miongo kadhaa wamekuwa wakichagua na kuchavusha kwa mkono, kizazi baada ya kizazi. Ukoo wenyewe uliwapa mtaji wa kutosha. Adenium multiflorum wa kusini mwa Afrika ana petali nyeupe zenye ukingo mwekundu. Adenium swazicum wa Eswatini ana pinki inayokaribia zambarau. Na hata ndani ya Adenium obesum yenyewe hujitokeza mmea mmoja mweupe au mwekundu zaidi ya wenzake. Ukikutanisha hao na kubakiza watoto wachache waliokolea au waliochanganya kwa namna ya ajabu, baada ya vizazi kadhaa unapata ua jekundu tupu, lenye milia, lenye ukingo wa rangi nyingine, la krimu, la njano, na lile la petali za tabaka mbili au tatu linalofanana na waridi la kweli. Haya ya tabaka nyingi hukaa mtini muda mrefu kuliko ya kawaida, ila yakipigwa na mvua ya masika yanabeba maji, yanainama na kuoza kabla hayajafunguka vizuri. Mkazi wa Tanga au Unguja asiye na kibaraza chenye paa afikirie mara mbili kabla ya kuyanunua.

Wekundu na pinki ya petali hutokana na kemikali ziitwazo anthosiani. Njano hutokana na kundi jingine la kemikali. "Jeusi" linalouzwa kwa bei ya juu si jeusi. Ni ua lenye anthosiani nyingi sana hadi likawa na rangi ya damu ya mzee. Ukilinyanyua juani utaona wekundu unapenya. Kuhusu la bluu, hakuna. Wafugaji wa mimea wamefika zambarau, na hapo ndipo walipofika. Picha za maua ya bluu ya samawati, au ya petali tano zenye rangi tano za upinde wa mvua, zinazoambatana na matangazo ya mbegu mtandaoni, zimepakwa rangi kwenye kompyuta. Anayenunua mbegu hizo, zikiota, atapata pinki, na atakapokuja kugundua mwaka mmoja au zaidi utakuwa umepita na muuzaji hapatikani tena.

Hapo ndipo linapokuja suala la mbegu, ambalo hata wauzaji wakweli hulieleza nusunusu. Mtu anadhani akichukua mbegu kwenye mmea wenye maua mekundu ya tabaka mbili atapata miche yenye maua hayo hayo. Sivyo. Chavua ya mmea huu imefichwa ndani ya koni ndogo katikati ya ua, iliyozibwa kwa nyuzi tano zenye manyoya, na mara nyingi ua halikubali chavua ya mmea wake wenyewe. Likizaa, basi limezaa na jirani, na huyo jirani huenda alikuwa wa pinki. Mbegu zenyewe hukaa ndani ya maganda mawili yaliyotazamana kama pembe, na kila mbegu ina shungi la manyoya kila upande ili ipeperuke. Ndiyo maana wenye vitalu hufunga maganda kwa uzi au wavu kabla hayajapasuka. Katika maganda hayo kila mbegu ni mtoto mwenye sura yake. Msomaji aliyewahi kupanda kokwa ya embe tamu akavuna embe chachu lenye nyuzi anaijua hadithi hii, na dawa yake ni ile ile: kubebesha. Kikonyo hukatwa kwenye mmea wa rangi inayojulikana, kikachomekwa kwenye mkato wa umbo la V juu ya shina la mche uliotokana na mbegu, kikafungwa kwa plastiki hadi kishike. Kwa hiyo mwenye shida na rangi maalumu anunue mche uliobebeshwa, tena aununue ukiwa na ua, ajionee kwa macho yake.

Najua pingamizi litakalokuja: "Mbona langu lilibadilika? Nililinunua jekundu, sasa linatoa pinki." Malalamiko haya ni ya kweli, na mara nyingi jibu lake liko chini ya kovu la kubebesha. Shina la chini nalo ni mmea kamili wenye maua yake, kwa kawaida ya pinki, na lina nguvu kuliko kikonyo. Likiachwa huchipua matawi chini ya kovu, matawi hayo yanakua haraka, yananyang'anya maji na chakula, na kikonyo kinadumaa hadi kinakufa. Mwenye mmea akija kushtuka, kinachochanua ni shina la chini. Rangi haikubadilika, mmea mmoja umeuondoa mwenzake. Dawa ni kulitafuta kovu, ambalo huonekana kama mstari au uvimbe mahali ambapo ganda linabadilika, na kila chipukizi linalotokea chini yake kulinyofoa likiwa bado dogo.

Kuna pia mabadiliko madogo ambayo ni ya kweli na hayahusiani na kubebesha. Ua lililofunguka katika wiki yenye jua na ubaridi huwa limekolea kuliko lililofunguka katika joto kali, kwa sababu joto huzipunguza anthosiani. Ua la siku ya kwanza si ua la siku ya sita. La njano likikaa kwenye jua la mchana kutwa hupauka hadi krimu, na lile la damu ya mzee linaweza kuungua ncha za petali. Katika hayo matunzo yana mkono, siwezi kukataa, lakini mkono huo ni wa kukoleza au kufifisha kile ambacho ukoo umekwisha kutoa. Wengine hutaja haidranjia, ambayo kweli hugeuka kutoka pinki kwenda bluu ukiutia udongo tindikali. Haidranjia ina utaratibu wake: katika udongo wa tindikali mizizi hufyonza aluminiamu, na aluminiamu hiyo hushikana na rangi iliyomo kwenye ua. Waridi la jangwani halina utaratibu huo. Chumvi ya Epsom, inayosifiwa sana, hutia magnesiamu, na jani lililokosa magnesiamu litapata ukijani wake. Ua halitasikia lolote.

Sasa tuje kwenye lile lililo mikononi mwetu. Neno "jangwani" limewapoteza watu wa aina mbili: anayeuona mmea umenyauka akaumwagilia kila jioni kwa huruma, na anayeuchukulia kama kakati akaunyima maji hata wakati unayahitaji. Makazi yake hapa kwetu si jangwa la mchanga. Voi hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, nayo huja kwa misimu miwili, inanyesha kwa nguvu, inapita, kisha mawe na changarawe hukauka haraka. Mmea umejipanga kwa maisha hayo: mvua ikija hunywa, hutoa majani na kujaza shina, mvua ikikata hupukutisha majani na kuishi kwa akiba. Kwa hiyo katika miezi ya joto, ukiwa na majani mengi, unywesheni maji mengi hadi yatokee kwenye matundu ya chini ya chungu, halafu muuache ukauke kabisa kabla ya kumwagilia tena. Kalenda haisaidii hapa. Chomeka kijiti cha mwanzi hadi karibu na kitako cha chungu. Kikitoka na udongo ulioshikana, subiri. Wenye uzoefu hunyanyua tu chungu na kuhisi uzito wake.

Hali ya hewa ya mahali inabadilisha hesabu yote. Unguja hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa humwagika wakati wa masika, ambapo udongo wa chungu kilicho nje unaweza kukaa wiki nzima bila kukauka. Huko adui ni masika, na chungu kinapaswa kuingia chini ya paa. Nairobi shida ni nyingine: usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 12 au chini yake, mmea husimama kukua, majani yanageuka njano na kudondoka. Mwenye nao hudhani una kiu na kuuongezea maji, wakati mizizi haifanyi kazi na haiwezi kuyanywa. Wakati wa baridi maji yapungue hadi kidogo sana, na chungu kikae pale jua la asubuhi linapofika na upepo hauvumi. Aliye Lamu au Muscat hana tatizo hilo.

Mizizi ikizama kwenye maji inaoza, na uozo hupanda hadi kwenye shina. Kuutambua mapema ni ustadi unaofaa kufundishwa kuliko mapishi yoyote ya mbolea. Bonyeza shina kwa kidole gumba. Shina lenye afya ni gumu kama kiazi kibichi. Likiwa limelegea kidogo, sawasawa pande zote, ganda lina mikunjo na udongo umekauka, hiyo ni kiu. Maji yatalijaza ndani ya siku chache. Likiwa laini sehemu moja tu, kidole kinazama, ganda lina rangi ya kahawia iliyolowa na kuna harufu ya kuchacha, huo ni uozo, na kuongeza maji ni kuumalizia. Ng'oa mmea wote, osha mizizi, kata kwa kisu safi hadi ufike kwenye nyama nyeupe isiyo na doa, paka unga wa salfa, ule ule unaopulizwa kwenye mikorosho ya kusini mwa Tanzania, kisha utundike kivulini wiki moja au mbili mpaka kidonda kikauke kabisa. Wiki mbili bila udongo zinawaogofya wengi, lakini shina lina akiba yake na halitakufa kwa hilo.

Kinga ya yote hayo ni udongo. Ule mweusi wa mfinyanzi unaopendwa na mboga haufai. Mchanganyiko mzuri huwa nusu au zaidi ni vitu vikubwa visivyoshika maji: mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa, kokoto ndogo, vipande vya matofali vilivyopondwa, au mawe mepesi ya volkano kwa walio karibu na milima yake, sehemu inayobaki ni samadi iliyooza vizuri, vumbi la nazi au maganda ya mpunga, pamoja na vipande vya mkaa. Chungu cha udongo kinapumua kuliko cha plastiki, lakini la muhimu ni matundu. Sahani ya chini inayotunza maji ni mtego.

Jua ndilo linaloleta maua kuliko kitu kingine. Mmea ukikaa sebuleni kwenye mwanga wa dirisha huishi, hurefuka, hutoa majani makubwa mapana, na haupati ua. Saa sita za jua la moja kwa moja ni kiwango cha chini. Mbolea inafuata kwa mbali, na hapa tena watu hukosea kwa kudhani ya majani ndiyo ya maua: CAN, ambayo wakulima wa mahindi wanaijua, ina naitrojeni na hivyo hujaza majani na kulainisha matawi. Kijiko kidogo cha NPK iliyosawazishwa kwenye chungu, kila baada ya wiki kadhaa za msimu wa joto na kwenye udongo uliokwisha kulowa, kinatosha. Kupogoa kunaleta faida kubwa zaidi, kwa kuwa ua hutokea kwenye ncha ya tawi. Tawi moja likikatwa hutoa mawili au matatu, na ncha zikiongezeka maua yanaongezeka. Wakati wake ni mwanzo wa joto, na atakayekata avumilie wiki nyingi bila ua.

Wadudu si wengi. Vidungata hukaa kama pamba kwenye makwapa ya matawi, vidukari vya njano hujazana kwenye vichipukizi, na vyote huondoka kwa maji ya sabuni yakirudiwa. Anayestahili kutazamwa ni kiwavi wa nondo wa oleanda: mkubwa kama kidole, wa kijani, ana pembe fupi mkiani na karibu na kichwa madoa mawili ya samawati yanayofanana na macho. Akitishwa huyatokeza madoa hayo kama anakukodolea. Wawili wanaweza kumaliza majani yote kwa siku chache, na mmea ukabaki uchi kama wa Tsavo mwezi wa Septemba. Wala haudhuriki sana; mchukueni mdudu kwa mkono, mmea utachipua tena.

Kiwavi huyo anakula sumu bila kuumia, lakini sisi hatuwezi, na hili ni pingamizi zito kuliko la rangi: je, mmea huu ufugwe nyumbani? Utomvu wake una kemikali zinazovuruga mapigo ya moyo. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi huuchemsha hadi uwe mweusi na mzito, kisha huupaka kwenye mishale ya kuwindia wanyama wakubwa. Sioni kuwa hiyo ni sababu ya kuuondoa bustanini, maana oleanda, mwenye sumu ya aina hiyo hiyo, amepandwa kwenye viwanja vingi vya shule na hospitali na hakuna anayemuuliza. Ni sababu ya kukiweka chungu mahali ambapo mtoto anayetambaa na mbuzi hawafiki, kuvaa glavu unapopogoa, kutogusa macho, na kumwahisha hospitali yeyote aliyetafuna sehemu yake, pamoja na kipande cha mmea wenyewe ili daktari ajue anapambana na nini.

Limebaki la wale wanaosema kwamba kama rangi haiko mikononi mwetu, basi kupanda mbegu ni kupoteza muda. Hapana. Mche uliotokana na mbegu ndio unaojenga lile shina nene lenye umbo la chupa; tawi lililokatwa na kuoteshwa hupata mizizi lakini mara nyingi halinenepi vile. Anayelitaka shina aoteshe mbegu kwenye mchanga wenye joto, zitachomoza ndani ya wiki moja hivi, na kila anapohamisha chungu alinyanyue shina juu ya udongo kwa sentimita mbili au tatu ili mizizi iliyovimba ionekane. Hana haja ya kununua mashina makubwa yaliyochimbwa porini, ambayo mengi hufika mjini yamekatwa mizizi na kuanza kuoza. Katika miche yake, michache huenda ikatoa rangi asiyoitegemea. Itakayotoa pinki ya kawaida itapata mnunuzi wake, kwa sababu ndiyo wenye vitalu wanaoitafuta kwa kubebeshea vikonyo vya rangi adimu.